Shajara ya MGB: kuzuia oili inayovuja kwenye ekseli ya nyuma, Nakuru

Gari ni MGB GT ya 1970, gari la michezo la Kiingereza lenye paa, kijani iliyofifia, ringi za chuma. Nililinunua kwa familia moja ya wakulima huko Njoro, likiwa limelala ghalani miaka mingi, kuku wakitagia kwenye kiti cha nyuma. MGB zilitengenezwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 hadi 1980, na ekseli ya nyuma ya GT ni ile ya tyubu: bakuli la difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili) katikati, bomba la chuma kila upande, hafshafti (shafti inayozungusha gurudumu) ndani yake. Kama gari lako ni MGB ya wazi ya miaka ya kwanza, ekseli yake ni ya aina nyingine na nati zake si kama hizi, kwa hiyo usifuate kila hatua hapa kwa kichwa kichwa.

Watoto wa mtaani huniuliza kama hili ndilo lililoshinda Safari Rally. Huwaambia hapana, mnalofikiria ni Datsun 240Z, iliyoshinda 1971 na 1973. Wakisikia hivyo huondoka.

Mimi ni mwalimu wa fizikia, si mekanika. Naandika ili mwenye gari kama hili asirudie makosa yangu, ambayo ni mengi kuliko nilivyotarajia.

Jumamosi, 11 Januari 2025

Dalili: gurudumu la nyuma kulia limelowa upande wa ndani, la kushoto kidogo, na tumbo la difu lina tone linaloning'inia mbele, pale propela shafti (ile inayoleta nguvu kutoka gia boksi) inapoungana. Breki ya nyuma kulia haishiki kabisa.

Swali la kwanza lilikuwa kama ni oili ya difu au ya breki, maana silinda ya breki nayo huvujia palepale. Nilidondosha tone kwenye glasi ya maji. Oili ya breki ingechanganyika na maji ipotee. Hii ilielea kama mafuta juu ya supu, na ilikuwa na ile harufu ya salfa ambayo ukishainusa mara moja huwezi kuisahau. Difu, basi.

Nikaosha ekseli nzima kwa mafuta taa, nikaikausha, nikaipaka poda ya mtoto kutoka bomba hadi bomba, kisha nikaendesha hadi Lanet na kurudi. Poda ikilowa, unaona mahali oili ilipoanzia kabla haijatapakaa. Ililowa chini ya sahani za breki pande zote mbili, na kuzunguka pinioni (gia ndogo ya mbele ya difu). Uamuzi wangu siku hiyo: sili (pete za mpira za kuzuia oili) zimekufa, zibadilishwe. Nimeuandika uamuzi huo hapa jinsi ulivyokuwa, kwa sababu ndio uliniponza kwa miezi mitatu.

Mafuta taa lita 2, KSh 300. Poda, 180. Jumla 480.

Jumamosi, 25 Januari

Nati ya katikati ya habu (kitovu cha gurudumu) ina upana wa inchi 1 na 5/16, yaani milimita 33.3. Soketi ya 34 nilinunua mpya kwa KSh 1,200. Ilicheza, ikateleza, ikazilamba kona za nati hadi zikaanza kung'aa. Soketi ya 33 mpya haikuingia. Nilikwenda Salgaa, ambako madereva wa malori hulala na spana zao huuzwa kando ya barabara, nikapata soketi ya 33 iliyolika kwa kazi za miaka.

"Mjomba, hii ni ya magurudumu ya lori," muuzaji akaniambia.

Nikamwambia ndiyo sababu naitaka. Ilikaa kwenye nati kama ilizaliwa nayo. KSh 500.

Kufungua kwenyewe si kazi ndefu: dramu, pini ya nati, nati, habu (kwangu ilitoka kwa kuvutwa na mikono baada ya kugongwa kidogo), waya wa handibreki, bomba la oili ya breki, kisha bolti za sahani ya breki. Nyuma ya sahani kuna kifuniko cha beringi, na ndani ya kifuniko hicho ndimo sili inamokaa. Mdomo wa sili haugusi shafti yenyewe; hupanda juu ya pete ya chuma iliyovishwa kwenye shafti. Ikumbuke pete hiyo.

Sili nilinunua mjini kwa kupima, KSh 350 kila moja. Muuzaji alikuwa na za milimita tu, ilhali gari ni la inchi. "Ni ileile, mwalimu, tofauti ni nywele." Iliingia kwa kidole gumba.

Kukaza nati: kitabu cha gari kinataka futi-pauni 150, sawa na njutoni-mita 203. Rinchi ya kupima nguvu ya ukubwa huo sikuwa nayo. Nikachomeka bomba la mita 1 kwenye mpini wa soketi, gari likiwa gia ya kwanza na handibreki imevutwa, nikaning'iniza mtungi wa lita 20 kwenye ncha. Uzito wa kilo 21 kwa mita 1 ni njutoni-mita 206 hivi. Kwa kuwa bomba nalo lina uzito wake, na nusu yake huhesabiwa, na mtungi mtupu nao una karibu kilo 1, nilipunguza maji hadi lita 18 na nusu. Bomba likishuka, unarudisha soketi nyuma na kuanza tena liwe limelala sawasawa. Likikaa bila kushuka, nati imefika. Kisha unasogeza mbele kidogo tu hadi tundu la pini lionekane. Usirudishe nyuma.

Oili ya difu (ya 90) lita 1, 650. Oili ya breki, 500. Na sili mbili na soketi mbili, siku hiyo ilikula 3,550. Jumla 4,030.

Jumamosi, 8 Februari

Gilgil na kurudi. Niliporudi, gurudumu la kulia lilikuwa limelowa kuliko kabla sijaligusa. Nilifungua. Sili yenyewe ilikuwa ikizunguka ndani ya nyumba yake pamoja na pete. Sili inayoingia kwa kidole gumba hutoka kwa kidole gumba.

Nikaagiza za kweli kutoka Uingereza: sili mbili za habu, moja ya pinioni, gasketi ya kifuniko cha difu. Sili zenyewe ni bei ya chai na mandazi. Usafiri na ushuru ndivyo vilivyoninyonya. KSh 9,400 hadi mkononi. Jumla 13,430. Ushauri: ukiagiza, agiza na pete zile za chuma mara moja. Mimi sikuagiza.

Jumamosi, 8 Machi

Sili za kweli zilihitaji kupigwa kwa nyundo na kipande cha mbao, jambo lililonipa moyo. Mdomo wenye springi uangalie ndani, kwenye oili, na upakwe oili kabla ya kuvishwa.

Kosa la leo ni viatu vya breki. Vilikuwa vimelewa oili ya difu. Niliviosha kwa mafuta taa, vikakauka, vikaonekana vizuri. Kisha nikakumbuka mtu mmoja aliyeniambia ukiviweka juu ya jiko oili yote huchemka na kutoka. Hutoka kweli, kwa moshi mweusi uliofika kwa jirani. Siku ya pili vilikuwa vimelowa tena vikiwa vimekaa tu juu ya gazeti, kwa sababu lainingi (ile sehemu ya kusugua iliyobandikwa kwenye kiatu) hunywa oili hadi ndani na haiitapiki yote. Na kama viatu ni vya zamani, huenda lainingi yake ina asbesto, kwa hiyo mambo ya jiko, ya kupuliza vumbi na ya msasa mkavu niliyafanya kwa ujinga. Lowesha kwa maji, futa, tupa kitambaa.

Nikavipeleka vikabandikwe lainingi mpya: KSh 2,400. Oili ya difu chupa nyingine 650, ya breki 500. Jumla 16,980.

Niliijaza difu gari likiwa bado juu ya stendi nyuma, mbele limekaa chini. Nilimimina hadi chupa ikakaribia kwisha, nikawaza kwamba iliyomwagika yote lazima irudishwe. Kosa hilo nilikuja kuligundua baadaye.

Jumapili, 23 Machi

Wikendi ya Safari Rally. Mafundi wote ninaowajua walikuwa Naivasha, wengine kwa kazi, wengi kwa nyama. Nikaona nafasi ya kulijaribu gari bila watazamaji: Nakuru, Salgaa, mlima wote hadi Mau Summit.

Juu kule, magurudumu yote mawili yalikuwa yamelowa. Sili mpya, za inchi, kutoka Uingereza, zilizopigwa kwa nyundo. Nilikaa kwenye ukingo wa barabara nikila mahindi ya kuchoma bila hamu.

Kilichoniokoa ni wasiwasi kwamba difu imebaki kavu. Niliingia chini ya gari, ekseli ikiwa moto wa kutoshikika, nikalegeza plagi ya kujazia. Kabla haijatoka ilipiga mluzi: fiiii, kama sufuria ya presha. Kisha oili ikafuata, nyingi.

Difu haipaswi kuwa na presha. Nilirudi Nakuru nikiwa na furaha ambayo mke wangu hakuielewa.

Jumamosi, 29 Machi

Juu ya bomba la ekseli kuna kipumulio, kidude kidogo chenye tundu, kazi yake ni kuacha hewa itoke na kuingia. Changu kilikuwa kimefunikwa na tope lililokauka, vumbi na rangi nyeusi ambayo mtu aliipaka chini ya gari zamani bila kubagua. Inasemekana jina Nakuru linatokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi. Basi Wamaasai walikuwa wameshanionya.

Hesabu yake ni ya kidato cha tatu. Hewa iliyofungiwa ikipashwa kutoka nyuzi 20 hadi nyuzi 80, presha yake hupanda kwa karibu moja ya tano. Panda mlima nayo, hewa ya nje ikipungua, tofauti kati ya ndani na nje huongezeka zaidi. Hewa hiyo itatafuta mlango, na mlango ulio dhaifu ni mdomo wa sili. Ndiyo maana Lanet ilivuja kidogo, Gilgil zaidi, na Mau Summit ikamwaga.

Kisha nikaitoa oili yote na kuipima kwenye chupa ya maziwa yenye mistari: lita 1.15, hata baada ya ile iliyomwagika Mau Summit. Ekseli hii hubeba lita 0.85. Ile siku ya 8 Machi, tundu la kujazia lilikuwa limeinuliwa pamoja na mkia wa gari, kwa hiyo halikuwa shahidi wa kweli wa kiwango. Jaza gari likiwa limelala sawasawa, mbele na nyuma, uache ile ya ziada ijichuruzikie yenyewe ndipo ufunge.

Kipumulio nilikifungua, nikakilaza usiku kucha kwenye mafuta taa, nikakitoboa kwa waya wa spoki ya baiskeli, nikakipuliza kwa mdomo hadi hewa ikapita bila kikwazo. Gharama: sifuri. Oili mpya, 650. Jumla 17,630.

Jumamosi, 12 Aprili

Wiki mbili za kwenda kazini na safari moja ya Molo. Kushoto kukavu. Pinioni inatoka jasho tu. Kulia bado.

Nilikuwa tayari kuagiza sili nyingine. Ila Baba Brayo, fundi wa malori aliyestaafu anayekaa nyuma yetu, alikuja kuomba kuazima jeki, akainama, akaangalia kwa muda.

"Mwalimu, hii sili haina makosa."

"Mzee, na oili inatoka wapi?"

"Wewe niambie. Ndani ya dramu kuko vipi?"

Nikatoa dramu. Ndani kulikuwa kukavu. Viatu vikavu. Oili ilikuwa katikati, kwenye nati, ikizunguka pini na kutawanyika juu ya uso wa habu kwa mzunguko wa gurudumu. Nilikuwa nimeiona kila siku bila kuisoma. Mdomo wa sili ukivuja, oili huangukia ndani ya dramu. Ikitokea kwenye nati, haikupita kwenye mdomo. Imepita chini ya ile pete ya chuma, ikafuata mifereji ya splini (meno ya shafti yanayoishika habu) hadi nje. Sili unaweza kubadilisha mara kumi na isibadilike hata tone.

Tulifungua pamoja. Pete ilikuwa na mfereji uliochimbwa na midomo ya sili zilizopita, ukucha unaingia. Upande wa ndani ilikuwa imelegea kwenye shafti. Tulifanya mambo matatu.

Kwanza, splini na ndani ya pete vilisafishwa kwa petroli hadi kitambaa kikatoka cheupe, vikapakwa silikoni nyembamba ya injini, na nyingine kidogo chini ya washa ya nati. Nyembamba, nasema. Silikoni inayotokeza pembeni hukatika na kwenda kuogelea kwenye difu.

Pili, sili haikupigwa hadi mwisho. Tuliiacha milimita 2 nje ya pale ilipokaa mwanzo, ili mdomo upande juu ya chuma laini kando ya mfereji. Kabla ya kufanya hivyo pima kwamba haitagusana na sahani ya breki; kwetu nafasi ilitosha. Dawa ya kweli ni pete mpya, na itakuja na agizo lijalo.

Tatu, tuliacha kutumia mbao. Mzee alinipeleka kwa rafiki yake mkereza vyuma, akatukerezea pete ya alumini yenye upana wa sili yenyewe, KSh 800. Ukiipiga hiyo, sili huingia sawa pande zote. Niliposhika ile sili ya Machi niliona ilikuwa imeingia upande, karibu milimita 1 ya mwinamo. Kwa hiyo hata kipumulio kingekuwa kizima, ingenisumbua.

Gari lililala juu ya stendi hadi kesho yake silikoni ishike. Silikoni 600, oili ya breki 500. Jumla 19,530. Baba Brayo alikataa pesa. Alisema akitaka kitu ataniambia.

Jumamosi, 3 Mei

Pinioni. Nilisita, kwa sababu hapa ukikosea unaharibu kitu kikubwa. Kwenye ekseli ya tyubu, kati ya beringi mbili za pinioni kuna kikopo cha chuma kinachobonyea nati inapokazwa, na ubonyeo huo ndio unaozikaza beringi kwa kiasi. Ukipita kiasi, hakirudi. Difu ifunguliwe, kikopo kipya. Kwa hiyo nati hii haikazwi kwa mtungi wa maji.

Kabla ya kufungua: dramu zote mbili nje, propela shafti nje, uzi umezungushwa kwenye flanji (sahani ya pinioni inayoungana na propela shafti), mizani ya springi ya wauza samaki (KSh 450) imefungwa kwenye uzi. Nilivuta polepole na kusoma uzito flanji ikiwa inazunguka, si ule wa kuianzisha. Kilo 2 na nusu. Kisha nikapiga alama kwa patasi kwenye nati, kwenye ncha ya pinioni na kwenye flanji, nikahesabu nyuzi za skrubu zilizojitokeza nje ya nati.

Sili ya zamani ilikuwa ngumu kama ukoko wa ugali. Mpya iliingia kwa bomba la maji lililokatwa sawa. Nati ilirudi hadi alama zikutane, kisha upana wa unyoya mbele. Mizani: kilo 2 na robo tatu. Nikaiacha hapo na kutoka chini ya gari kabla mikono haijapata wazo jingine.

Oili 650. Jumla 20,630. Kati ya hizo, soketi ya 34 na sili za milimita, KSh 1,900, zimekaa kwenye kopo dirishani.

Jumamosi, 14 Juni

Baba Brayo alisema anachotaka: kupelekwa Kisumu kwa harusi ya mpwa wake, ndani ya hilo hilo. Tulipitia Kericho, zaidi ya kilomita 350 kwenda na kurudi, mvua kwenye majani ya chai, dirisha la upande wake halifungi. Alishuka mara tatu njiani kuangalia magurudumu, na mara zote tatu alirudi bila kusema kitu.

Kisumu, joto likiwa limepanda, nililegeza plagi ya difu palepale. Hakuna mluzi.

Nyumbani niliweka kadibodi chini ya ekseli Jumapili usiku. Jumatano asubuhi nilikwenda kuiangalia, sikuikuta. Mke wangu alikuwa ameiwashia jiko. Aliniambia ilikuwa kavu, ingekuwa na oili ingewaka haraka zaidi.

Kinachobaki: pete mbili mpya za shafti zikifika, na kuchokonoa kipumulio kwa waya wa spoki kila mwezi wakati wa vumbi.